Nusu ya Kitabu cha Kalkulasi

Barua ya chuo ilinifikia Mbozi mwezi wa mavuno. Niliisoma nimesimama njiani, kisha nikaisoma tena huku nakimbia kwenda nyumbani. Nimekubaliwa! Lakini mstari wa mwisho ulisema kwamba wanaotaka fizikia watahojiwa siku ya kwanza, na asiyejua kalkulasi ya kutosha atahamishiwa kilimo. Ya kutosha ni kiasi gani? Hawakusema.

Nilikuwa wa kwanza kijijini kwetu kumaliza darasa la kumi na mbili, na sikuona sababu ya kulificha jambo hilo. Kilimo nilikijua tangu utotoni, mgongo wangu ulikuwa shahidi. Nilitaka fizikia. Kalkulasi, hiyo hisabati ya vitu vinavyobadilika, shuleni hatukufundishwa hata ukurasa mmoja.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amerudi kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Katika sanduku lake mlikuwa na kitabu cha kalkulasi alichoachiwa na karani mmoja. Nilikifungua kwa shangwe, nikakuta kinaishia katikati.

"Mjomba, nusu nyingine iko wapi?"

"Awe, mjomba, usinitazame hivyo," alisema, akikataa kwa Kibemba kama alivyozoea mgodini. "Kule baridi kali, na karatasi ya kusokotea tumbaku hakuna. Kurasa za nyuma nilizivuta zote."

"Umevuta elimu yangu!"

"Basi mimi ndiye msomi. Niulize chochote."

Nusu iliyobaki niliimaliza kwa majuma matatu, peke yangu, bila mwalimu. Wapo waliosoma sura hizo kwa mwaka mzima. Nilijua sasa kupima kasi ya mabadiliko ya kitu. Iliyoungua, kwa mujibu wa orodha ya sura, ilikuwa sehemu ya kujumlisha, na bila hiyo nilijiona nimekwisha kuwa bwana shamba.

Siku hizo mama aliniuliza kama kihenge chetu kimoja kingetosha mahindi ya mwaka ule, au amwite fundi asuke cha pili. Swali la hesabu, kwa mtu kama mimi! Kihenge chetu kilikuwa chembamba chini, kipana tumboni, chembamba tena mdomoni. Nilikizungushia kamba tumboni, nikapata eneo lake, nikazidisha kwa kimo, nikapata vikapu sitini. Mavuno niliyakisia hamsini na tano.

"Kimoja kinatosha," nilimwambia. "Fundi asisumbuliwe."

Kilijaa mchana wa kwanza. Mahindi yaliyobaki yalilala uani juu ya mikeka, na mbuzi wa jirani wakaja kuyaonja.

"Waiteni mbuzi wasomi!" alipiga kelele mjomba. "Wao wamejua hesabu kabla ya mwanafunzi wa chuo!"

Niliona aibu, lakini haikukaa, kwa sababu palepale niliona kosa langu. Nilikifanya kihenge chote kiwe na unene wa tumbo! Nilichukua kamba tena. Safari hii nilipima kila shubiri moja kutoka chini hadi juu, kila pete kwa upana wake, nikakokotoa pete mojamoja, nikazijumlisha. Arobaini na tatu. Nilipima tena kwa nusu shubiri, pete nyembamba zaidi. Arobaini na mbili! Na vikapu vilivyoingia nilikuwa nimevihesabu kwa punje za maharage mfukoni. Nilizimwaga mkononi.

"Arobaini na moja!" niliruka. "Mama, arobaini na moja!"

Mama alinifunika mdomo kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. Nyumbani kwetu idadi ya mavuno haitamkwi kwa sauti, mazao yasije yakapungua. Nililijua hilo tangu sijaota meno, nikalisahau kwa furaha.

"Nyamaza wewe! Unataka tufe njaa?"

"Mama, nimeipata nusu ya kitabu iliyovutwa!"

"Kitabu kinaliwa? Nenda kamwite fundi."

Nilikwenda nikiimba.

Chuoni tulipangwa foleni nje ya chumba cha mahojiano. Aliyekuwa mbele yangu alisoma shule kubwa yenye maabara, na kitabu chake kilikuwa kizima. Zamu yangu ilipofika, niliwakuta Waingereza wawili mezani. Mzee wao aliuliza, "Umesoma kalkulasi kiasi gani?"

"Nusu ya kitabu, bwana. Nusu nyingine ilivutwa."

Mwenzake alicheka. Mzee hakucheka. Aliweka springi mezani, akaivuta. "Kadiri ninavyovuta, ndivyo inavyokaza. Nimefanya kazi kiasi gani kuifikisha hapa? Aliyetoka sasa hivi amezidisha nguvu ya mwisho kwa urefu wote."

Huyo naye alikuwa amepima tumboni tu! Nilichukua chaki bila kuombwa.

"Nguvu si moja, bwana. Naukata urefu huu vipande vidogo. Kila kipande kina nguvu yake. Nazidisha kimojakimoja, navijumlisha." Nilichora, vipande vikajipanga kama ngazi, na nilipovifanya vyembamba ngazi ikawa pembetatu. "Ni nusu ya alichosema mwenzangu."

"Kanuni yake unaijua?"

"Hapana, bwana. Naijua sababu yake."

Walinong'onezana. Mtu akiniuliza leo kalkulasi gani inatosha kuanzia fizikia, namjibu bila kusita: ajue kupima mabadiliko, na ajue kukata na kujumlisha kitu kisicholingana. Kanuni nyingine chuo kitampa. Najibu hivyo kwa haki, maana stashahada yangu ya sayansi imetundikwa ukutani kwa yeyote anayetaka kuiona.

Mzee aliandika neno moja mbele ya jina langu. Nililisoma likiwa kichwa chini, upande wa pili wa meza: fizikia.

"Kanuni zilizobaki uzijue kufikia Krismasi," alisema.

"Kufikia mwezi ujao, bwana," nilimjibu, na nikatoka kuuliza maktaba iko wapi.