Mashine Tuliyoambiwa Tusiizime

Marehemu mume wangu aliileta mashine ile Nchelenge, ufukweni mwa ziwa upande wa Zambia, mwezi Agosti 1995, ikiwa imesimama wima ndani ya mashua ya injini kama abiria aliyekataa kuketi. Aliinunua ng'ambo ya ziwa, katika baa iliyokuwa inafungwa, na hata wakati huo ilikuwa kuukuu: kabati la mbao lenye kimo cha mtu mzima, kioo kama cha televisheni kifuani, fimbo moja ya kushikilia na vitufe viwili, kimoja kikiwa kimeunguzwa na sigara ya mtu tusiyemjua. Ukitumbukiza sarafu, unaongoza ndege ndogo inayopigana na wadudu wanaoshuka kutoka juu. Vijana wavuvi walitembea kutoka Kashikishi kuja kuicheza sebuleni kwetu, nami niliwaamuru wanawe mikono kwanza, kwa sababu walinuka samaki na mashine haikuwa ya samaki.

Mimi mwenyewe ni mtu wa ng'ambo. Nilizaliwa Kilwa, ile ya Kongo, si ile ya pwani, nikaolewa Zambia, na Kibemba nilijifunzia jikoni. Shule niliipata nikiwa mtu mzima. Nilianza darasa la watu wazima Jumatatu, tarehe 5 Mei 1997, mume wangu akiwa hajatimiza hata miezi mitatu kaburini, na wapo waliosema kwamba mjane habebi daftari kabla ya kuvua kitambaa cheusi. Niliwasikia, na nilikwenda.

Karo yangu na ya watoto wangu wawili ilitoka katika mashine ile. Hakukuwa na kitu kingine. Baada ya mazishi jamaa za mume wangu walikuja kuchukua vitu vya ndugu yao, kama ilivyokuwa desturi: walibeba kitanda, redio, baiskeli na nyavu zote. Walipoifikia mashine, mama mkwe wangu aliketi sakafuni akiwa ameiegemea, akanyoosha miguu mbele, akawaambia kwamba anayeitaka aibebe pamoja naye. Hawakuibeba. Mama yule alikuwa ameuza samaki kwa wafanyabiashara wa Kikongo tangu ujana wake, na alizungumza nami kwa Kiswahili, si kwa Kibemba, ili nisijione mgeni. Nilimwita Mayo, yaani mama, na sikulitamka neno hilo kwa adabu tu.

Majuma machache baadaye mashine iligoma kuwaka. Niliomba fundi wa redio wa sokoni Kashikishi, Mkongo, aje aitazame. Aliifungua mgongo, akashinda nayo kutwa nzima, na ilipowaka alinionya kwa Kiswahili cha kwetu.

"Mama, usiizimishe tena. Hii mashini ni muzee. Kuwaka haiko inamuchokesha. Kuamuka ndiyo inamuchokesha."

Alinieleza kwamba vipande vya ndani vimekwisha kuzoea joto. Kila vinapopoa na kupashwa tena, kitu fulani hulegea au hupasuka. Tena hewa ya ziwa ina unyevu, na unyevu huingia palipo baridi. Umeme ukikatika, nichomoe waya, ningoje hadi umeme utulie ndipo nichomeke, wala nisiiharakishe. Usiku nipunguze mwanga na sauti ili picha isijichore daima katika kioo. Nilifuata yote. Kila tulipokwenda kulala, mkono wangu ulipitia nyuma ya kabati, na wadudu wale waliendelea kushuka gizani, hafifu, bila mtu wa kuwapiga.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakukubali. Yeye aliishi Puta, na kila alipotutembelea alianza na jambo hilo hata kabla ya kupewa maji. Alisema kitu kinachopata moto hakiachwi katika nyumba wanamolala watoto; hata jiko, alisema, tunalizima. Alisema mashine inakula umeme bila kazi, na kwamba kifaa kama binadamu kinahitaji kupumzika. Nilimjibu kwa maneno ya fundi. Yeye aliniuliza fundi huyo alisomea wapi. Mama mkwe alikuwa akicheka na kuniunga mkono.

"Iache iwake," alimwambia mwanawe. "Katika hii nyumba, mwanaume asiyeuliza chakula iko wapi ni yeye peke yake."

Februari 1998 ulitimia mwaka wa maombolezo, na wazee walikuja kwa jambo la urithi. Kwa desturi yao, mtu akifa, mwenzake wa damu hulirithi jina lake, na pamoja na jina humchukua mjane. Aliyechaguliwa alikuwa shemeji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke na watoto, na mimi sikutaka kuwa wa pili katika nyumba ya mtu yeyote, wala kuacha shule ili nikaanike samaki Puta. Niliwaomba wanifungue kwa ushanga mweupe, yaani wanivishe ushanga na kuniacha huru bila kurithiwa, kama familia nyingine za kanisani zilivyokuwa zimeanza kufanya. Walizungumza sana. Mwishoni mkubwa wao alisema kwamba maadamu mashine inawalisha watoto wa ndugu yao, hakuna atakayenilazimisha; siku itakaposhindwa, watarudi, na hapo sitakuwa na la kujibu. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile nilijua kwamba uhuru wangu umechomekwa ukutani kwa waya mmoja.

Kuanzia Agosti mwaka ule nilianza kuikuta mashine imezimika nirudipo darasani. Mama mkwe ndiye aliyebaki nyumbani alasiri, naye alinieleza kwamba umeme ulikatika. Jambo hilo halikuwa geni Nchelenge. Lakini kila mara iliamka kwa taabu zaidi. Kwanza picha ilikuja na mistari. Kisha ilikuja imeinama upande. Mwezi Septemba ilikaa giza muda mrefu hata nikapiga magoti mbele yake, si kwa sala, bali kwa sababu miguu ilichoka. Nilikwenda ofisi ya umeme kulalamika. Karani aliniambia kwamba siku nilizozitaja umeme haukukatika mtaani kwetu. Nilikuwa nimeziandika tarehe zile, nikamsomea moja baada ya nyingine, nikamwambia mbele ya watu kwamba mtu anayelipwa mshahara hapaswi kudanganya wateja. Mama mkwe nilipomsimulia aliniambia nimefanya vema.

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1998, tulikuwa darasani. Jengo letu lilipakana na kinu cha kusaga mahindi kinachoendeshwa kwa umeme. Umeme ukikatika, kinu hunyamaza, na wanawake walio kwenye foleni huketi juu ya magunia yao kungoja. Siku ile hakikunyamaza hata mara moja. Kilisaga kwa kelele kiasi kwamba saa nane mwalimu aliacha kusema, akaandika somo zima ubaoni. Tulinakili tukiwa na unga kwenye nyusi.

Nilipofika nyumbani, mashine ilikuwa giza. Mama mkwe alikuwa kizingitini na ungo wa maharagwe mapajani. Aliniambia umeme ulikatika saa nane, na umerudi sasa hivi. Nilichomeka waya. Nilingoja kama fundi alivyonifundisha. Ilitoka harufu ndogo ya kitu kilichoungua, kisha hakuna kitu. Niliweka kiganja mgongoni mwake, mahali palipokuwa na joto mchana na usiku, pakawa baridi kama ukuta.

Hapo ndipo kinu kiliponirudia kichwani.

Nilitoka nikasimama mbele ya mama mkwe. "Mayo, umeme ulikatika wapi?"

"Hapa."

"Kinu kilisaga mchana kutwa. Nilikuwa pembeni yake."

Aliendelea kuchagua maharagwe. "Basi ilikatika hapa tu."

"Nani alivuta waya?"

"Miye," alisema. "Ulitaka niseme ni paka?"

Nilimwuliza kwa nini. Hakuwa na haya, na hilo ndilo lililoniumiza kupita kitendo chenyewe. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini amenyimwa kitu.

"Hii mashini ikiwaka, hauna lazima na sisi. Utamaliza masomo, utachukua batoto, utaenda. Mutoto ni wa ukoo wa mama yake, hata kwenu iko vile. Mwana yangu nilishamuzika. Nitabakia na nini? Ukichukuliwa na mudogo wake, mutabakia. Nilikufanyia muzuri."

"Uliiegemea walipotaka kuibeba."

"Siku ile ilikuwa inakubakisha hapa. Sasa iko inakupeleka."

Nilitambua kwamba hata miguu ile iliyonyooshwa sakafuni, niliyoishukuru katika sala zangu, haikunyooshwa kwa ajili yangu.

Fundi alikuja kesho yake, akafungua, akafunga, akakataa hata nauli. Jumapili, tarehe 18, wazee walikuja pamoja na shemeji. Mkubwa wao aliuliza kilichoiua mashine. Nilisema kwamba ilizimwa mara nyingi ilhali haikupaswa kuzimwa. Aliuliza ilizimwa na nani. Nilimgeukia mama mkwe, nikampa nafasi ya kusema mwenyewe. Nilidhani kwamba mtu aliyekiri mbele yangu hatakana mbele ya wengine.

"Umeme ya hapa munaijua," aliwaambia. "Ni mchezo."

Wote walicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Shemeji alisema kwamba yeye alishauri tangu mwanzo iwe inazimwa usiku. Ingezimwa kwa mpango, leo ingekuwa hai. Waliitika. Sikumtaja mama mkwe. Katika kikao kama kile, mkwe anayemshitaki mama wa mume ndiye anayehukumiwa, na sikuwa tayari kuwaomba wale watu waamini kinu. Nilisema jambo moja tu, kwamba sitarithiwa, na mkubwa wao akajibu kwa haki yake kwamba nyumba ile ni ya ukoo wao.

Niliondoka Jumamosi, tarehe 31 Oktoba, na watoto wote wawili. Ng'ambo kwetu kulikuwa na vita, watu walikuwa wakikimbia kutoka huko wala si kwenda, kwa hiyo nilipanga chumba Kashikishi nyuma ya soko. Nilianza kuanika dagaa wadogo wa ziwani, wale tunaowaita chisense, na kuwauza kwa Wakongo. Lugha yao nilikuwa nayo tayari. Novemba nilifanya mtihani, mikono ikinuka samaki. Mashine niliiacha ilipokuwa. Sikuiulizia.

Mama mkwe alikuja kututembelea mwezi Januari 1999. Alitoka Nchelenge kwa miguu, akiwa na kuku kwapani kwa ajili ya wajukuu. Watoto walimkimbilia, nami sikuwazuia. Kwetu mama mkwe si mgeni; hupita moja kwa moja hadi nyuma, jikoni, akaketi mkekani pamoja na mkwe wake, akachukua kisu na kusaidia kumenya chochote kinachomenywa. Alikuwa amekwisha kuvua viatu ili apite.

"Mwaiseni," nilimwambia kwa Kibemba, yaani karibuni, kwa wingi wa heshima wanaopewa wageni.

Niliazima kiti kwa jirani, nikakifuta vumbi, nikakiweka mlangoni mbele. Alikitazama. Kisha alivaa viatu vyake tena, akaketi, akaweka mikono mapajani, nami nikapiga magoti nikamletea maji ya kunywa katika glasi, juu ya kisahani.