Glovu za Shangazi

Shangazi yangu ametunza vyura wa maabara kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hajamwamini mtu. Mikono yake ilipoanza kuvimba na kuwasha, alinishuku mimi kwanza, eti nimebadilisha sabuni ya nyumbani. Kisha akamgeukia wifi yake, yaani mama yangu, kwa sababu ya mafuta aliyompa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, macho kanikazia mimi. Mimi niliyekuwa nikimfulia!

Juzi nikachoka, nikamsindikiza mpaka kazini. Mtafiti aliikagua mikono ile, akaeleza kwamba ute wa ngozi ya chura una vipande vidogo sana vya protini, na vikimgusa mtu kila siku vinaweza kuuchokoza mwili wake mpaka uvimbe.

"Lakini mimi navaa glovu!" shangazi akafoka. "Labda kuna mtu anazichezea."

Mtafiti akaenda nyuma ya matangi, zilipoanikwa glovu zake. Zote zilikuwa zimegeuzwa ndani nje.

"Nani anazigeuza hivi?"

"Mimi. Leo navaa upande huu, kesho ule, zisichakae upesi."

Hakuna aliyecheka. Kumbe kila siku alikuwa akiitumbukiza mikono yake kwenye ute wa jana.

Njia nzima nilisubiri aniombe radhi. Tulipofika nyumbani, akaenda moja kwa moja bafuni, akaichukua sabuni yangu, akainusa tena.