Kidonda Ambacho Mama Hakukitaja

Mama yangu, Mukakalisa, haogopi nyoka wala radi, na hata mwenyekiti wa kijiji yeye humwita mvivu mbele ya watu. Anachokiogopa duniani ni kimoja tu: mume wangu. Si kwamba Celestin ni mkali. Celestin ni mpole hata mbuzi wake hawamsikilizi. Lakini ni mkwe, na mama alilelewa akijua kwamba mkwe haangaliwi usoni, hatajwi jina wala haguswi. Akisikia pikipiki yake barabarani, mama huruka mtaro na kujitosa kwenye migomba, na utu uzima wake wote, kisha husimama humo kimya mpaka mlio upotee. Majirani walishacheka mpaka wakachoka.

Kazi yake ni nyasi. Hapa Bweranyange nyumba nyingi siku hizi zina sakafu ya saruji, lakini ikifika harusi, au siku ya kumtoa mtoto nje mara ya kwanza, hakuna mwenye heshima zake anayekubali wageni wakanyage saruji tupu. Lazima zitandikwe nyasi mbichi, laini, nyumba nzima inukie. Anayetaka nyasi nzuri humtafuta mama. Hupanda mlimani upande wa Hifadhi ya Rumanyika, kwenye mbuga wanakopita ng'ombe na wakati mwingine nyati, anakunja gauni juu ya magoti, anainama na mundu wake hadi mzigo utoshe. Kupe wamejaa huko. Akirudi hujipapasa harakaharaka, anaowapata anawang'oa kwa kucha, anawapasua kati ya vidole gumba na kujifuta damu kwenye jani la mgomba.

"Hawa tumezoeana," husema. "Wewe wa sabuni ya kunukia ndiwe watakayekutafuna."

Mwaka huu nilimzaa Ainebyona, kwa upasuaji. Ni mtoto wangu wa kwanza, na mama hakutaka mtu mwingine yeyote akate nyasi za kumtolea nje. Alileta mizigo minene, akatandika sebule na chumba changu, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Watu walikula ndizi, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi. Celestin alipoingia kusalimia wageni, mama alitorokea mlango wa nyuma huku amejifunika khanga kichwa kizima, akajigonga kwenye pipa la maji. Nilicheka hadi mshono ukauma.

Kama wiki moja baadaye akaanza kuumwa. Kichwa, shingo, mifupa. Alinunua vidonge vya malaria dukani akameza vyote, na homa haikushuka. Mimi sikupata habari mpaka jirani yake, Evaresta, aliponipigia simu.

"Adela, mama yako haongei na sisi," akasema. "Anaongea na marehemu baba yako. Anamwambia asogee ampe nafasi ya kulala."

Mshono wangu ulikuwa umeanza kutoa usaha na nilishakatazwa kupanda pikipiki, kwa hiyo mtu wa kumpeleka zahanati alikuwa mmoja tu. Celestin akaenda. Evaresta alinisimulia jinsi mama, anatetemeka meno yanagongana, alivyokataa kupanda mpaka apewe mto. Akauweka katikati yake na mgongo wa mkwe, akaushika huo mto badala ya kumshika dereva. Njia ile ina mashimo. Nilikaa kitandani nikisubiri kuambiwa kwamba ameanguka.

Hakuanguka. Walimpima malaria, hakuwa nayo. Tabibu, kijana makini tu, akamwuliza kama ameumwa na mdudu, kama ana kipele au kidonda popote mwilini. Mama akasema hana. Akaulizwa tena, akasema hana. Basi akapewa dawa za kutuliza homa, akaambiwa asipopata nafuu arudi kesho yake.

Celestin akamleta kwangu badala ya kumrudisha kwake akalale peke yake. Sasa ikawa shughuli nyingine: mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe. Alikaa chini pale uani, ameegemea ukuta, macho mekundu, anakataa kuingia. Celestin akasimama mbali kwenye mibuni, ametupa mgongo.

"Mwambie nyumba ni yake," akaniambia. "Mimi nakwenda kulala kwa Theoneste, hapo jirani."

Alipoondoka ndipo mama akakubali kuinuka. Nikamlaza kitandani kwangu, juu ya shuka safi, na zile nyasi zake alizotandika mwenyewe bado ziko sakafuni, zimeshakauka.

Asubuhi hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Ngozi yake ilikuwa ya moto hata kitambaa kilikauka nikiwa nimekishika. Nikachukua beseni nimkande mwili mzima. Nilianza usoni, kifuani, mgongoni. Nilipofika kiunoni akaibana khanga kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mama, achia."

"Huko hakuoshwi na mtoto."

"Mama, achia nikuoshe!"

Nilimfokea, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Akageuza uso ukutani, vidole vikalegea. Pajani kwa ndani, karibu kabisa na kinena, palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kikavu, kama mtu amemzimia sigara pale. Pembeni pamevimba pekundu, na chini ya ngozi tezi zimesimama.

"Nani amekuunguza hivi?"

"Kupe," akasema. "Ni wa zile nyasi. Nilimtoa siku ileile."

"Jana tabibu alikuuliza kidonda?"

"Aliuliza."

"Ukasema huna."

"Yule alikuwa mlangoni," akasema mama. "Ningesemaje mbele yake?"

Yule ni Celestin. Nilitamani kumpiga, nilitamani kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Mtu yuko tayari kufa, anafia hapo hapo juu ya kitanda changu, ili mkwe asijue kwamba yeye naye ana mapaja!

"Usimwambie," akasema. "Adela, ukimwambia sikanyagi tena hapa."

Nikamwambia sawa. Nilimdanganya, na wakati namdanganya macho yake yalikuwa yanapinduka weupe. Nilimwita hakuitika.

Nilipiga kelele mpaka Celestin akasikia kutoka kwa Theoneste. Alikuja mbio na Ukasha, yule mwenye duka, wakiwa na gari lake la kubebea mizigo. Nilitaka kwenda. Ukasha akanitazama nilivyoinama nimeshika tumbo, akasema, "Dada, barabara ya kwenda hospitali Kayanga itakupasua. Baki na mtoto." Evaresta alikuwa msibani Bugomora. Hapakuwa na mwanamke mwingine wa kwenda. Basi Celestin akambeba mama mikononi, akaketi nyuma, akaweka kichwa chake mapajani mwake. Tangu niolewe hawajawahi kugusana hata kwa mkono wa salamu.

Nikaegemea ubavu wa gari. "Ana kidonda cheusi cha kupe," nikamwambia. "Pajani ndani, karibu na kinena. Tezi zimevimba. Mwambie daktari kwanza hilo, hata kabla ya jina."

Celestin akaitikia kwa kichwa. Nikaona kope za mama zinacheza, nikajua amesikia.

Sijui nieleze vipi ile siku. Simu ya Celestin haikupatikana. Nilimnyonyesha mtoto bila kumwona. Nilikuwa natembea kwenye nyasi za mama, mlangoni na kurudi, zinalia kavu chini ya miguu, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nilijua inaleta habari ya msiba. Nilimwomba Mungu, kisha nikamlaumu, kisha nikamwomba radhi nisije nikaharibu. Nilianza hata kufikiri mtu wa kutandika nyasi kwenye msiba wake atakuwa nani, maana hakuna anayezijua kama yeye, nikajizaba kofi ili nisiendelee.

Jua likiwa limeshainamia mlimani simu ikalia.

"Yuko hai," akasema Celestin. Kisha akanisimulia. Daktari, mama mmoja anaitwa Nasreen, alikuwa ameanza kuuliza kuhusu malaria. Celestin akamkatiza akasema yote kama nilivyomwambia, paja, kinena, kila kitu, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni. Nasreen akafunua, akaona, akasema ni homa ya kupe, na imemkalia vibaya kwa sababu ya umri na kuchelewa. Wameanza dawa yake na maji ya mishipa. Akasema wengi hufika wakiwa wameshameza dawa za malaria za dukani. Kupe akikamata, anashikwa kwa kibanio pale kinywa kilipozama, anavutwa polepole moja kwa moja. Haunguzwi wala hapasuliwi kwa kucha. Na mtu akitoka kwenye nyasi avue nguo ajikague kwapani, nyuma ya masikio, kinenani, huko kote kusikotajwa.

"Amefungua macho?" nikauliza.

"Amefungua. Ameona mimi ndiye niliyemshika mkono. Nikadhani atauvuta. Hakuuvuta. Anauliza zile nyasi bado ziko ndani?"

Nikatazama chini. Ainebyona alikuwa amelala kwenye mkeka, na mkeka ulikuwa juu ya nyasi.

"Adela? Nyasi ziko ndani?"

Nikasikia mama nyuma yake, sauti imekwaruza, kwanza chini chini, kisha kwa nguvu kabisa, katikati ya wodi, mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kutamka jina la mkwe wake:

"Celestin! Mwambie amvue mtoto! Amtazame mapajani, Celestin! Mapajani!"

Nilitupa simu. Nilimvua mtoto vifungo vikakatika. Nyuma ya masikio hapakuwa na kitu. Kwapani hapakuwa na kitu. Nikakunjua mkunjo wa paja lake la kushoto, pale nyama inapojikunja kwa unono, na alikuwepo: bapa, wa kahawia, mdogo kuliko punje ya mtama, ameshainamisha kichwa. Nikachukua kibanio cha nyusi, kikaanguka mara mbili, nikakiokota. Nikamshika pale kinywani, nikamvuta polepole, akatoka mzima, miguu inacheza. Nikamwosha mtoto kwa sabuni, nikamfunga mgongoni, na nyasi zote nikazitoa nje nikazichoma, mshono unavuja.

Mama bado yuko wodini, na anayemuuguza ni Celestin. Mimi nipo hapa na mtoto. Nimemgusa paji la uso sasa hivi na halina homa, na kabla sijaandika sentensi nyingine nitaligusa tena.