Nusu Kulia, Nusu Kushoto

Bertilla ni binti wa wakulima wa ulezi wa kijiji cha Mwimbi, upande wa Sumbawanga. Alipopata ufadhili wa kusomea shahada ya pili ya kemia Dar es Salaam, padri aliwatangazia waumini baada ya misa, na mama yake akapiga vigelegele mle mle kanisani.

Utafiti wake ulihusu molekuli yenye pete tano za kaboni zilizoungana kwa kupinda. Pete ya kwanza na ya tano hukosa nafasi, hubanana, na molekuli nzima hulazimika kujisokota kama kamba. Nyingine hujisokota kulia, nyingine kushoto. Zinalingana kwa kila kitu, ila ukizipandanisha hazifunikani sawasawa, kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Tena hazitulii: zikipata joto, hata la chumbani tu, ya kulia hujipenyeza ikawa ya kushoto, na ya kushoto ikawa ya kulia. Bertilla alitaka kupima kasi ya kugeuka huko.

Kuzitenganisha kulimchukua miezi saba. Alipata vichupa vitatu vya myeyusho wa za kulia tupu, akavifungia kwenye friza ili zisigeuke.

Wiki hiyo hiyo kaka yake, Adriano, akapiga simu. "Mama amezidiwa. Njoo."

Adriano alimpokea stendi ya Sumbawanga. Alimshika tu mkono, na Bertilla akaelewa. Alikaa msibani siku tisa.

Huku nyuma umeme ulikatika maabara siku tatu, na jenereta haikuwashwa. Aliporudi, friza ilikuwa inanguruma kama kawaida, vichupa vikiwa vya baridi. Akavipima kwa mwanga. Za kulia huupinda mwanga upande mmoja, za kushoto upande wa pili. Zikiwa nusu kwa nusu, mwanga hunyooka. Cha kwanza kilisoma sifuri. Cha pili, sifuri. Cha tatu alikipima mara nne.

"Ufadhili unaisha mwezi wa sita," Profesa Yonas, msimamizi wake, alimwambia. "Hatuwezi kuanza upya, Bertilla. Pole sana."

Akarudi nyumbani bila shahada ya pili. Huu ni mwaka wa sita anafundisha sekondari Sumbawanga, wanafunzi tisini darasa moja, kemia ya ubaoni tu.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna, baba yake, mzee Flavian, alimuuliza, "Zile dawa zako zilimwagika?"

"Hapana, baba. Halikupungua hata tone."

"Sasa kilichopotea ni nini?"

Bertilla alianza kueleza habari ya kulia na kushoto. Mzee akainamia suke lililofuata.

"Siku ile ya mwisho mama yako aliuliza kama umefaulu," alisema. "Tukamwambia ndiyo."

Mwezi uliopita Profesa Yonas alimwandikia kwamba nafasi ya ufadhili imepatikana, akitaka aje aanze tena. Bertilla aliusoma ujumbe huo ofisini mara moja, akachukua chaki, akaenda darasani. Mpaka leo hajajibu.