Kwenda Pwani Kumtoa Zena Katika Wadudu

Niliondoka Iguguno kwa hasira, na sioni haya kusema. Fundi mmoja wa reli alikuja likizo akatuambia kwamba binti yetu Zena, aliyeolewa pwani na Shabani, anaokota wadudu baharini na kuwala. Tena ni mjamzito. Nikamwambia baba yake, "Naenda kumleta. Atajifungulia hapa, akila chakula cha watu." Baba Zena hakunizuia, kwa kuwa ananijua.

Kutoka Iguguno hadi Singida nilipanda lori la duka, juu ya magunia ya karanga. Kutoka Singida hadi Manyoni lilikuwa lori jingine, na vumbi lake lilikuwa abiria wa kwanza.

Manyoni nikapanda treni, daraja la tatu. Jirani yangu kwenye benchi, mama mmoja wa Kigogo, akaniuliza safari yangu ni ya nini. Nilipomweleza akasema, "Dada, na kumbikumbi wewe huli?" Nikamjibu kwamba kumbikumbi si mdudu, ni kitoweo. Akacheka mpaka Dodoma.

Dar es Salaam, Shabani alinipokea stesheni. Akainama, "Shikamoo mama," akachukua mzigo wangu wote. Ilinikera kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana. Tukaenda kwao Kunduchi.

Nilimkuta Zena amenenepa, mashavu yanang'aa. Hilo nalo sikulipenda. "Funga mzigo," nikamwambia, "Ijumaa tunaondoka."

"Sawa, mama. Ila kesho ni bamvua, maji yatakwenda mbali sana. Twende wote ukaone."

Mama yake Shabani, Bi Tatu, bibi mwembamba mwenye maneno mengi, akadakia, "Twende mkwe, nawe ukavune."

Asubuhi ile bahari ilikuwa imejiondokea na kuacha matope na miamba mitupu. Wanawake walitawanyika na mapakacha yao, wakiokota chaza, kiumbe anayeishi katikati ya vigae viwili vigumu kama jiwe. Sikuuliza namna ya kuokota. Nimelima tangu Zena hajaota meno, nani wa kunifundisha kuvuna? Kwetu ufuta ukikomaa, ganda linafunguka lenyewe. Basi waliofunga niliwaacha wakomae, nikaokota waliofunguka tu. Pakacha langu likajaa kabla ya yao, nikawa nawaangalia kwa huruma.

Maji yalipoanza kurudi tukatoka. Zena akalivuta pakacha langu, akaketi kwa shida na lile tumbo lake, akaanza kuwagonga chaza wangu kwa kisu, mmoja mmoja, na kuwatupa.

"Unatupa mavuno yangu?"

"Mama, aliye hai ukimgonga anajifunga. Hawa hawajifungi. Wamekufa, na aliyekufa huwezi kujua amekufa lini."

"Mkwe," Bi Tatu akasema, "sisi tumeleta kitoweo, wewe umetuletea msiba mzima."

Wakacheka wote isipokuwa Zena. Akanyanyua uso, akasema taratibu, "Hawa huwali, mama. Hata ukinuna."

Nilimjua huyo anayesema vile. Ni mimi. Zena alipokuwa mdogo nilimwaga kikapu chake kizima cha uyoga mbele ya wenzake, kwa sababu ya mmoja nilioutilia shaka. Alilia, wala sikumbembeleza. Na mimi nilikuwa nimekuja kwa lori na treni nikidhani mtoto huyu anakula ovyo. Machozi yakanitoka. Nikasema ni upepo wa chumvi, na Bi Tatu, nashukuru, akakubali kwamba upepo wa huko ni mkali.

Mchana walipika. Baada ya kuchemka, Zena akawatupa wale waliobaki wamefunga. Kumbe kabla ya moto mbaya ni aliyefunguka, na baada ya moto mbaya ni aliyefunga. Watu wa pwani hawana msimamo. Wa kwanza nilimla nimefumba macho. Baadaye nikafumbua, nione sahani imebaki na wangapi.

Ijumaa nilimkuta Zena ameshafunga mzigo wake na kuuweka mlangoni. Nilimwagiza, naye hajazoea kunikatalia. Shabani alikuwa ametoka nje. Nikaufungua ule mzigo mwenyewe, nikazirudisha kanga ndani ya kasha.

"Na kujifungua, mama?" Zena akauliza.

"Nitumie habari mapema. Nitakuja mimi."

Iguguno, wanawake walilizunguka lori wakimtafuta Zena juu ya magunia. Nikawaambia nimemwacha kwake.

Nyumbani baba Zena akaniuliza kama ni kweli wanakula wadudu. Nikamwambia wanakula, na mimi nimekula. Lakini nilichokiokota kwa mkono wangu, mwanao alininyima, na tangu nizaliwe sijanyimwa kitu nikafurahi namna ile.