Siku ya Kumi Niliyoifunika

Simsingizii shetani. Kosa ni langu peke yangu, na nalisema hapa kwa sababu nyumbani nimeshindwa kulisema.

Mimi ni mfanyakazi wa ofisini, naishi Kongowe ya Kibaha. Baba yangu ni mfugaji, alihamia Gwata na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Presha ya macho ilikuwa imeshaliua jicho lake moja. La pili daktari alilipangia tarehe ya upasuaji, akasisitiza tusichelewe. Baba akauza ng'ombe wawili, akanikabidhi fedha nimtunzie.

Tarehe ilikuwa mwezi mzima mbele. Tamaa ikaniingia! Nilikuwa nimeshaonja hisa: unanunua, unasubiri siku chache, bei ikipanda unauza. Fedha za baba nikazinunulia hisa, nikajiwekea kikomo. Siku ya kumi, iwe faida iwe hasara, natoka. Nikaizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani.

Kanuni yenyewe nilifundishwa na baba. "Ukipeleka ng'ombe mnadani, jua likipinduka muuze kwa bei iliyopo. Ukirudi naye, anakonda njiani."

Siku ya kumi hisa zilikuwa zimeshuka kidogo. Kidogo tu, jamani! Mshahara wangu ungeziba pengo. Nikasema nisubiri Jumatatu. Jumatatu zikashuka zaidi, nami nikaigeuza kalenda ikatazama ukuta. Nilipokubali kuuza, dalali wa hisa akaniambia, "Dada, wanunuzi hakuna. Tungoje."

Tarehe ya upasuaji ikapita. Nikamdanganya baba kwamba hospitali wameahirisha.

"Sawa, mama," alisema. "Wao ndio wanaojua."

Aliniamini! Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Fedha zilikuja kutimia baada ya miezi mitano. Daktari alimulika lile jicho, akazima taa yake, akaniuliza tulikuwa wapi siku zote hizo. Baba ndiye aliyejibu, akanitetea.

Wewe uliyejiwekea siku ya kutoka, ikifika, toka! Usiiongezee hata saa moja. Na fedha ya matibabu ya mtu usiiguse kabisa, hata kwa siku mbili.

Kila Jumamosi naenda Gwata. Nikimwamkia shikamoo, anatabasamu kuelekea sauti yangu. Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa nje, akaupapasa mkono wangu.

"Mama, jua limepinduka?"

Alikuwa anauliza saa tu, masikini. Hajui lolote mpaka leo.

"Limeshapinduka, baba," nikamjibu.