Mgomba wa Luqman

Bi Twaiba, jirani yangu hapa Tiwi, alikuwa na mashina manne ya migomba. Matatu yalikuwa mbele ya nyumba, kando ya njia. La nne lilikuwa nyuma ya bafu, likinywa maji ya kuogea. Hilo la nne halikuwa lake. Lilikuwa la Luqman, mwanawe wa pekee, ambaye kitovu chake kilizikwa hapo miaka thelathini na minne iliyopita na ambaye sasa anafanya kazi Doha. Mkungu wake ulipokomaa, Bi Twaiba alimpigia simu kumwomba ruhusa kabla ya kuukata, na alipotugawia ndizi alisema, "Luqman kawapeni hizi."

Mwaka jana serikali ilitoa amri: kwa sababu ya ugonjwa wa migomba, mtu asipande, asigawe wala asisafirishe miche ya nyumbani, na kila shina linaloumwa ling'olewe. Mwenye nyumba alitakiwa alifunge kitambaa chekundu ili wakataji walitambue. Sina ugomvi na amri yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba ilibandikwa mlangoni mwa afisi kwa Kiingereza, kurasa mbili, mbele ya watu ambao huombwa kura kwa Kiswahili kilichonyooka. Hakuna aliyeisoma kwa sauti. Nami mwenye shahada nilipita pale mara mbili bila kusimama, hilo nalikiri.

Hapa kwetu kitambaa chekundu kina kazi nyingine. Hufungwa kwenye mgomba wenye mkungu ulionona, ili mwizi ajue kuwa umesomewa na kwamba tumbo litamvimba. Bi Twaiba alikuwa amechana leso yake nyekundu kuukuu na kuyafunga mashina yote matatu ya mbele. Kisha akaenda Msambweni kumtazama mgonjwa. Aliporudi alasiri, wakataji walikuwa wameshapita, na mashina matatu mazima yalikuwa yamelala chini.

Afisa Hesbon, kijana wa bara aliyewasimamia wakataji, alifika kesho yake na daftari la kutiwa sahihi. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, na mengi niliyasema. Alipoelewa habari ya vitambaa alivua kofia, akasema hakuna aliyemwambia. Bi Twaiba akanikatiza.

"Mwache, mwanangu. Ameamkia, ameomba radhi. Sasa wataka alie?"

Kisha akamuuliza taratibu huo ugonjwa wenyewe ukoje. Hesbon alieleza kuwa majani mapya hutoka membamba, yakabanana na kusimama wima kama ufagio, na kwamba wadudu wadogo huubeba ugonjwa hadi kwa jirani.

Shina la nyuma ya bafu, ambalo Hesbon hakuwa ameliona, lilikuwa hivyohivyo tangu Ramadhani. Ndilo pekee lililombakia. Daftarini ilikuwa imeshaandikwa kuwa kwake kazi imekwisha; kilichobaki ni sahihi tu. Mungu anisamehe, nilitamani aitie. Yeye alikuwa akitazama ng'ambo ya ua, kwa Hanifa, ambaye migomba yake ilikuwa bado mizima.

Akatoa simu.

"Luqman, mgomba wako waumwa. Serikali yautaka."

Sauti ya Doha ilicheka. "Kwani, mama, nitapungua kimo?"

"Hupungui. Lakini ni wako, lazima nikuombe."

Kicheko kikakatika. Kisha nikasikia, "Ukateni, mama. Ila kitovu changu kisitiwe motoni."

Bi Twaiba akamwongoza Hesbon nyuma ya bafu. Kwa mujibu wa amri, shina hung'olewa mpaka mzizi na kuchomwa. Hesbon alilikata, akachimba pembeni kwa jembe. Alipokaribia katikati alimuuliza Bi Twaiba kitovu kilizikwa usawa gani, akaonyeshwa kwa kidole. Akaliweka jembe chini, akapiga magoti, akaendelea kufukua kwa mikono.